Ulimi wa Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na mikono ya kuonewa wivu na ulimi wa kuonewa huruma. Kochi lililopita mikononi mwake lilikaa miaka kumi na tano bila kubonyea, na mishono yake ilinyooka kama iliyopigwa kwa rula. Lakini mteja akimwuliza swali dogo tu, kwamba humu ndani umeweka nini, fundi alifumba macho, mishipa ya shingo ikamsimama, na neno likamkwama kooni kama mfupa wa samaki. Wenye subira walingoja kidogo, kisha wakamalizia wenyewe neno lake. Mara nyingi walikosea, naye akaitikia hivyo hivyo kwa aibu. Wasio na subira walivuka barabara wakaenda kwa fundi mwingine, mwenye maneno mengi na springi za kuokota.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la ghorofa mbili, mahali ambapo maji ya kufulia ya wapangaji wote yalipita mlangoni. Upande mmoja alikaa yeye na nyundo, misumari na mikanda ya kukazia viti. Upande wa pili alikaa mkewe na cherehani, akishona foronya za mito na vitambaa vya kuvalisha makochi. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa. Na kwa mkewe tu, katika dunia nzima, ulimi wa fundi ulikuwa mwepesi. Yeye mwenyewe alijua sababu. Siku ya kwanza walipofanya kazi pamoja, msichana yule alikuwa ameshika pini sita kwa midomo, hakuweza kummalizia neno. Alimtazama tu, akangoja. Neno likatoka. La pili likatoka haraka zaidi. Kufikia jioni fundi alikuwa amesema mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, na hakuacha kusema naye tangu siku hiyo. Wakiwa wawili, cherehani ikinguruma, alipiga soga, alitania, aliwaigiza wateja wagumu mpaka mkewe akainamia meza kwa kicheko.

Kazi zilikuwa chache, lakini fundi hakuhangaika. Alikuwa muumini wa ule msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mdogo wa mkewe ndiye aliyeupinga. Mtaani walimwita Bando, maana kila ukikutana naye bando lake la intaneti limekwisha, na ombi lake la kwanza baada ya salamu ni umrushie kidogo. Alikuwa amemaliza mafunzo ya miezi mitatu ya kuuza bidhaa mtandaoni, ana cheti na hana kazi. Alipoingia karakana akatazama kochi moja la kona lililokamilika, akaligusa, akakaa, akainuka.

"Shemeji," akasema, "siku hizi hata chema kinatembezwa. Kikikaa ndani kinaota ukungu."

Mkewe fundi akaunga mkono, na fundi akakubali, kwa kuwa picha hazimtaki mtu aongee. Bando akafungua ukurasa. Akaiweka karakana kwenye ramani ya mtandao, mteja aongozwe na simu yake mpaka mlangoni. Akatengeneza fomu ya kuagizia, akawapigia wateja wa zamani wawape nyota. Wanne walitoa nyota tano. Wa tano alitoa tatu, akaeleza kwamba kochi ni zuri ila alikanyaga tope. Kila wiki walisafisha kochi moja, wakalisogeza kwenye mwanga, mke akaweka chombo cha maua pembeni, Bando akapiga picha. Kila picha ilipendwa na watu kumi na mmoja, na wawili kati yao alikuwa Bando mwenyewe kwa akaunti tofauti. Wakajaribu video. Bando akamwonyesha dada yake michoro kwenye simu: watu wote wanaondoka sekunde ya nne. Kochi ni kochi, alisema, hakuna anayekaa kulitazama.

Siku moja Bando aliiegemeza simu yake kwenye rafu ya nyuzi, akasema anaichaji. Akaja mzee mmoja kuulizia kochi, na fundi akajitahidi kumweleza kilichomo ndani. Neno "sponji" lilimchukua muda mrefu. Bando alipofika kwao alikata maelezo yote, akaacha zile sekunde kumi na tisa za "spo, spo, spo," akatia ngoma chini yake, kila "spo" ikaangukia pigo. Juu akaandika: Agiza kochi leo, ulisikie jina lake mwaka kesho.

Ilisambaa kama moto wa makuti. Siku ya tatu simu ya oda haikupumzika. Fundi, mwenye simu yake ya vitufe isiyoonyesha chochote zaidi ya saa, aliambiwa tu kwamba ukurasa umeshika. Aliamini. Kwa wiki tatu mtu yule alitembea kama aliyeongezwa urefu. Alinunua shati jipya la kazini, kitu alichokuwa hajawahi kukifanya. Watu walipofika mlangoni wakitabasamu, yeye alitabasamu zaidi, akijua kwamba wameuona ule mshono wake wa pembeni ambao miaka yote hakuna aliyeutambua. Alimwambia mkewe, "Bibie, kumbe watu walikuwa na macho. Walikosa tu pa kuyaelekeza." Mkewe akainamisha uso kwenye cherehani, akasema ni kweli.

Mpaka wakaja wachumba wawili, wamevaa vizuri. Waliagiza kochi la watu watatu bila kuuliza mbao wala kitambaa. Walipomaliza, msichana akainua simu.

"Sasa sema," akamwambia.

Fundi akauliza aseme nini. Mchumba wa msichana akamsaidia: lile neno, sponji. Walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Fundi akadhani ni utani wa watu wenye furaha, na mteja hakataliwi, basi akajaribu. Ulimi ulipokwama, mchumba akapiga mkono wa kochi kwa viganja, pigo kwa kila "spo," na msichana akacheza kwa mabega. Kisha msichana, kwa wema kabisa, akimdhania anajua, akamgeuzia simu ili amwonyeshe watazamaji walipofikia.

Fundi hakuitazama idadi. Alitazama uso. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuwa amewahi kujiona akikwama. Alijua kukwama kunavyohisika kwa ndani, hakujua kunavyoonekana: macho yaliyofumbwa, kidevu kinachoruka, mate kwenye kona ya mdomo. Aliwasindikiza wachumba mpaka barabarani, akawashukuru kwa kichwa.

Aliporudi akasimama mbele ya cherehani mpaka mkewe akaizima.

"Uliiona lini?" fundi akamwuliza. Kwa mkewe maneno yalitoka bila shida, hata siku hiyo.

"Siku ya pili."

"Ukacheka?"

Mkewe akakusanya vipande vya uzi mezani, akavifinyanga kuwa kidonge. "Mwanzoni sikucheka," akasema.

Bando aliitwa, akaambiwa aitoe. Aliitoa bila ubishi, maana maji yakimwagika hayazoleki: nakala zilikuwa kila mahali, watu wameshatia ngoma zao na maneno yao, watoto mtaani wanarukia kamba kwa "spo, spo, spo." Lakini bila video mpya ukurasa ulipoa. Na wakati huo, kwa pesa za zile oda, walikuwa wameshahama uchochoroni. Walikuwa na duka la mbele, barabarani, lenye mlango wa kioo na sakafu ya vigae, na mafundi wawili wa kuajiriwa. Wiki sita zilipita, waajiriwa wakishinda wamekaa juu ya makochi waliyopaswa kuyauza. Mkewe fundi alikuwa akipangusa kioo mara mbili kwa siku. Ndipo siku moja akaweka kitambaa chini.

"Mwenzangu," akasema, "wamekucheka bure tangu utotoni. Sasa wacheke walipe. Mimi uchochoroni sirudi."

Fundi akakiokota kitambaa. Akakubali.

Ikawa kila Alhamisi ni siku ya kurekodi. Bando hakuwa mtu wa chuki, na hilo ndilo lililomfanya kuwa mbaya zaidi. Alikuwa mchapakazi. Aligundua kwamba herufi zinazomkwamisha shemeji yake zaidi ni P na K, akamwandikia maneno: karibu upate kochi la kona la kukalia kaka zako na kaka zao. Aligundua kwamba fundi akipumzika vizuri kigugumizi hupungua, akawa anamrekodi akiwa amechoka. Na ikitokea sentensi ikapita bila kukwama, Bando aliinua mkono kama mpiga picha wa harusi.

"Shemeji, hiyo imetoka safi. Rudia."

Ukurasa ulibadilishwa jina ukaitwa Spospo Makochi. Watu walivuka mji mzima kuja kupiga picha na fundi. Walinunua pia, hilo lisikataliwe. Walinunua makochi mazuri kuliko walivyostahili na hawakujua.

Mwaka ulipokaribia kwisha ikatokea video nyingine, kwenye ukurasa usiojulikana. Ilimwonyesha fundi chumba cha nyuma, mkanda wa kiti mkononi, akizungumza. Alikuwa akimwigiza mteja aliyetaka kochi kubwa kupita mlango wake, na maneno yalimtiririka kama maji ya bomba, dakika nzima, bila kukwama hata mara moja. Chini kuliandikwa: Spospo ni muongo.

Dunia ikamgeukia. Walioona raha kumcheka wakaona uchungu kudanganywa. Walimwita tapeli, mwizi wa huruma, mtu anayewadhihaki wenye kigugumizi cha kweli. Nyota moja zikamiminika kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukalia kochi lake. Mwanamume mmoja alirudisha stuli mbili, akazitupa mbele ya kioo, akasema hakai juu ya uongo. Oda kumi na nne zikafutwa kwa siku mbili.

Bando peke yake hakuonekana kuumia. Alizunguka dukani akitazama michoro yake, na michoro ilikuwa inapanda.

Fundi aliitazama ile video kwenye simu ya mmoja wa waajiriwa. Hakuyatazama maneno. Alitazama ilipopigwa. Kwenye ukingo wa picha lilionekana gurudumu la cherehani, na chini yake ncha ya meza. Kutoka pembe ile chumba kile kilionekana na mtu mmoja tu.

Mkewe hakukana. Alisema alimrekodi kwa mapenzi, siku ambayo alicheka mpaka akalia machozi, akataka kubaki nayo. Kisha akampelekea Bando, akamwambia waonyeshe na hii, wajue kwamba mume wangu anaweza kuongea.

"Nilitaka wakuone ninavyokuona mimi," akasema.

Bando alipoulizwa kwa nini aliibandika kwa siri na kuandika muongo, alieleza kama mwalimu anayerudia somo rahisi. Mtu anayeweza kuongea haendi popote mtandaoni. Lakini mtu anayetuhumiwa anakwenda mbali, na akisafishwa anakwenda mbali zaidi. Kesho watafanya mubashara, watu wote watazame kwa wakati mmoja, hakuna kukata wala kuunga. Mtuhumiwa atathibitisha. Na kwa kuwa video ilimwonyesha akiongea na mkewe, basi ataongea na mkewe.

Fundi akamtazama mkewe amkatalie mdogo wake. Mkewe akasema, "Kama hatufanyi, tunafunga."

Waliwaweka kwenye kochi la watu wawili, la bluu, mbele ya kioo. Bando akasimamisha simu kwenye miguu yake mitatu. Namba pembeni ya kioo cha simu ilianza kupanda: mia tatu, elfu moja, elfu nne. Maneno ya watu yalipita chini kwa kasi, tapeli, tapeli, atasahau kujifanya. Fundi hakuwa na hofu ya kukwama, jambo alilolitaka Bando. Hofu yake ilikuwa kinyume chake. Alijua kwamba ataongea vizuri, kwa kuwa anaongea na mkewe, na duka litakufa, na mkewe atarudi kwenye maji ya kufulia. Alikuwa akifikiria jinsi ya kumwomba msamaha.

Mkewe akamgeukia. Akamwuliza kama anavyomwuliza kila siku kazini, "Mwenzangu, mto huu nikushonee na zipu, au bila zipu?"

Fundi akafungua mdomo.

"Na zi," akasema. "Na zi. Zi."

Haikuwa P wala K. Ilikuwa herufi ambayo haijawahi kumsumbua kwa mtu yeyote. Alifumba macho, akafumbua, akamtazama mkewe, akangoja neno lije kama lilivyokuja siku zote kwa mwanamke huyu, na halikuja. Alijaribu njia nyingine, akataka kusema tu jina alilomwita, bibie, na lenyewe likakwama mlangoni. Kidevu kilikuwa kinaruka. Mkewe akaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Mkono ukamwendea mdomoni, macho yakamjaa.

Nyuma ya simu Bando alikuwa akimpungia dada yake kwa nguvu, akimwonyesha namba. Elfu thelathini na moja. Maneno chini yalikuwa yamebadilika: masikini, ni kweli, tumsamehe, ona mke anavyolia. Mkewe akajifuta macho. Akaigeukia simu.

"Mmejionea wenyewe," akasema. "Oda zipo wazi."

Zilikuja nyingi kuliko mwanzo. Mlango wa kioo uliongezwa wa pili.

Lakini nyumbani fundi hakusema tena. Asubuhi mkewe alimmiminia chai, akakaa mbele yake, akangoja kama zamani, na kungoja kwake ndiko kulikomfunga zaidi, kwa sababu sasa fundi alijiona anavyoonekana. Alijaribu kwa wiki mbili. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole: sukari, funguo, mvua. Kazini akafanya vivyo hivyo, na Alhamisi ilipofika akakaa mbele ya simu akiwa amefunga mdomo. Bando alimbembeleza, akamtania, akamkanyaga mguu. Hakupata hata "spo" moja.

Ukimya hauuzi kochi. Bando akatafuta kijana mmoja mchekeshaji wa majukwaani, akamvalisha aproni ya fundi, akamtambulisha mtandaoni kama ndugu yake mdogo aliyerithi ufundi na ulimi. Kijana alikuwa hodari. Alikwama kwa mpigo, alifumba macho akiangalia kamera kwa jicho moja, aliruka kidevu vizuri kuliko mwenyewe. Baada ya miezi minne watu hawakukumbuka kwamba palikuwa na mwingine. Walioingia dukani walimkumbatia kijana. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, akipigilia mikanda ya makochi ambayo kijana aliyauza akiwa hajui hata jina la mbao zake.

Asubuhi moja fundi alikusanya nyundo, mikasi na koleo lake, akavitia kwenye gunia la sponji. Mkewe akamwona mlangoni, akamwuliza anakwenda wapi. Fundi akageuka. Alitaka kumjibu, na alianza. Ndani Bando akaita kwamba kuna mteja anataka kupimiwa kitambaa. Mkewe akamtazama fundi, akatazama ndani, akasema, "Ngoja, nakuja," akaingia. Fundi alingoja kiasi cha kutosha. Kisha akalitia gunia begani.

Alikwenda upande mwingine wa mji, ambako hakuna aliyemjua, akapata baraza la nyumba moja na mlango mmoja nyuma yake. Akachora ubao kwa mkono: Makochi na Viti. Siku tisa hakuja mtu. Siku ya kumi akaja mama mmoja wa makamo, amebeba kiti kilichopasuka kitambaa. Akakiweka chini akauliza kama kinafaa kutengenezwa na kitawekwa nini ndani.

Fundi akakigeuza kiti. Kilikuwa cha mbao nzuri, kimefanywa vibaya. Kinafaa. Akataka kumwambia kwamba atatoa majani yote yaliyojazwa humo na kuweka kitu cha kudumu.

"Spo," akaanza. "Spo. Spo."

Uso wa mama ukabadilika. Akakichukua kiti chake.

"Huoni haya, mtu mzima," akasema taratibu. "Umemwona yule kijana wa mtandaoni anapata riziki kwa ulemavu wake, nawe ukaona umwigize. Mimi nina mtoto mwenye kigugumizi. Hataki kwenda shule. Kwa sababu ya watu kama wewe."

Fundi akatikisa kichwa. Akanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha asubiri, asubiri kidogo tu, akaanza kusema neno "mimi," na kila alipolirudia mama alizidi kukunja uso, mpaka akamgeuzia mgongo. Alipofika barabarani alisimama, akatoa simu, akaupiga ubao picha, akaandika kitu kwa vidole viwili kwa muda mrefu.

Mahali pale hapakuwa kwenye ramani ya mtandao. Mama ndiye aliyepaweka. Walioipata karakana ile baadaye kwa simu zao waliikuta na nyota moja, na chini yake maelezo ya mama, yameandikwa kwa uangalifu na uchungu wa kweli, yakiwaomba watu wenye utu wasimpe kazi mtu huyu.